Ukuta wa Makaburi ya Chula

Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Leo nimesimama peke yangu. Tulianza watatu, jamani! Rawda kahamia Mombasa, Zakiya kaolewa na sasa ana mtoto, nimebaki mimi na kipande cha boksi la biskuti kilichoandikwa MWAMBA NDIO UKUTA WETU. Nasimama njia ya pwani, si mlangoni mwa msikiti – adabu ninayo. Wanaume wakitoka kuswali wanapita mbele yangu. Wengine wanasoma kwa sauti, kisha wanauliza biskuti zenyewe ziko wapi.

Mbuzi wa Bi Kuluthumu ameng'ata kona ya bango. Bi Kuluthumu ni jirani, ndiye anayeosha maiti za wanawake kisiwani na ndiye mkubwa wao kwa kila jambo. Amemfukuza mbuzi, akanitazama, akasema, "Ndoo ndani ule, mwanangu, yua kali." Sikuingia kula, nikabaki juani.

Hapa hasomi mtu, basi niseme. Ninaona aibu. Kila Ijumaa naona aibu, na kila Ijumaa nakwenda.

Jumapili, 26 Oktoba

Bahari imechukua kaburi jingine. La mzee mmoja wa mtaa wa juu. Sanda haikuonekana, alhamdulillahi, yameanguka mawe ya kichwani tu na mchanga wa ubavuni. Wazee wakakutana baada ya alasiri wakaamua: utajengwa ukuta. Mawe na chokaa, kutoka msikitini mpaka mwisho wa makaburi, uwe umesimama kabla ya upepo wa kusi.

Niliposikia nilipiga kigelegele jikoni, mimi na sufuria zangu. Hatimaye! Miaka yote nasema bahari inapanda, naambiwa simu imenitia wazimu.

Halafu nikamuuliza baba mawe yatatoka wapi. Mwambani, akasema. Yatoke wapi tena?

Naandika hili polepole nilione vizuri. Mwamba wa matumbawe ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika makaburini. Sasa sisi tunakwenda kuuvunja mwamba, tuuchome, tupate chokaa, tujenge ukuta wa kuvunja mawimbi. Na fundi wa tanuu ya chokaa ni baba yangu, Famau, maana hakuna mwingine aliyebaki anayejua kuchoma.

Nilicheka. Baba akauliza nacheka nini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimejaribu kuzungumza naye kwa heshima zote. Nimemwambia mwaka jana bahari ilipopata joto matumbawe yaligeuka meupe, yakafa, na yaliyopona ni yale ya karibu na mlango wa bahari tu. Alijua. Aliyaona kabla yangu. Na hayo hayo yaliyopona ndiyo anayoyataka, kwa sababu jiwe hai ni laini, linachongeka, chokaa yake inatoka nyeupe na inashika. Babu yake alichonga hapo. Mwamba haukuisha, anasema.

Nikasema wakati wa babu bahari haikuwa na homa.

 Akaniuliza kama nimesahau mama yuko safu gani makaburini.

Sikusahau. Safu ya mbele. Baada yake ni mchanga na maji.

Na desturi ya tanuu naijua tangu utoto. Wanaume wanachonga mawe wakati wa bamvua, maji yakitoka sana. Lakini mzigo wa nyumba unabebwa na mwanamke wa nyumba hiyo, kichwani, mpaka kwenye tanuu, na anapouinua anataja jina la maiti wake. Ukuta unajengwa kipande kwa kipande, kila nyumba mbele ya watu wake. Nyumba isiyotia mzigo kipande chake kinabaki wazi. Si ubaya, si adhabu. Ndivyo inavyokwenda, na hakuna anayeruhusiwa kumbebea mwenzake.

Nyumba yetu mwanamke ni mimi tu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kismayo. Nimekuja na boti ya asubuhi kwa semina ya vijana na tabianchi. Ukumbi wa hoteli, feni za dari, bango kubwa lenye picha ya kobe wa bahari ambaye hakika si wa kwetu. Kila meza ina chupa za plastiki za maji. Tunazungumzia plastiki.

Mwenye semina ni Tahir, kijana mtanashati, suruali ya pasi. Anasema Kisomali na mimi, anachanganya Kiswahili pale anapotaka nicheke. Amenisimamisha mbele akaniita mfano wa kuigwa. Wakapiga makofi. Nikasema sitaki makofi, nataka saruji – tukipata saruji na mchanga wa bara hatutagusa mwamba.  Tahir akatabasamu akaeleza kwamba mradi wake ni wa kujenga uelewa, vifaa vya ujenzi havimo. "Walaal, dada yangu, labda awamu ijayo."

Nimepewa tisheti. Kubwa, inanifika magotini.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi nalala kwa ndugu wa mama mtaani Calanley. Watoto wamelala, TV inasema peke yake. Sina wa kumwambia kuwa nimechoka.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimerudi. Nimefanya jambo, sijui kama nimefanya vizuri.

Nilirekodi video mwambani maji yalipotoka. Nikaonyesha mawe, nikaonyesha alama za mitaimbo walipojaribu mawe. Nyuma yangu alipita baba na mtaimbo begani, sikumkata. Nikasema, watu wa Chula wanaubomoa ukuta wao kwa mikono yao. Nikaiposti nikiwa nimesimama nyuma ya msikiti, laini ya simu inakopatikana.

Hussni, kaka yangu aliyeko Uingereza, amenitumia sauti, analia kwa fahari. Anasema watu wetu wa huko wote wanaisambaza. Komenti zinamiminika – simba wa bahari, shujaa wetu, Mungu akulinde. Watu ambao sijawahi kuwaona wananiita dada yao.

Nimesoma zote. Nimerudi nimesoma tena.

Jumanne, 4 Novemba

Hapana, sikufanya vizuri.

Video imezunguka Uingereza, imeshuka Mombasa, imerudi Chula kwenye simu ya kila mtu. Sasa ndugu wa ng'ambo wanawapigia wazee wa hapa kuwauliza wana akili gani. Watu waliokimbia vita na hawajarudi hata kuzuru kaburi! Na baba anaonekana wazi, na mtaimbo wake, mtu mmoja ameandika chini yake neno ambalo sitaliandika.

Nimekwenda kisimani. Nimesalimia. Wanawake waliitikia salamu kwa sababu kuitikia ni wajibu, kisha wakageukia ndoo zao. Zakiya alikuwapo na mtoto mgongoni. Zakiya! Niliyeandika naye bango la kwanza, herufi ya U aliiandika yeye. Akanivuta kando akasema kwa sauti ya chini, "Umechuvua nguo mbee ya wachu." Nikamwambia sikumvua mtu nguo, sikutaja jina la mtu. Akasema hapa nani ana haja ya jina?

Nimeifuta video. Haifutiki, iko kila mahali.

 Baba amekula, ameshukuru chakula, ametoka. Afadhali angenipigia kelele.

Alhamisi, 6 Novemba

Bamvua. Maji yametoka hadi mwamba ukasimama mkavu, rangi zote nje, zambarau, kahawia, ile njano ya matumbawe madogo. Wanaume wameshuka na mitaimbo na mashoka. Nimeshuka na bango.

Nilidhani watanifukuza. Ingekuwa afadhali. Walichonga tu, wakinizunguka, wakisema "samahani" wanapotaka kupita. Jiwe likitoka linatoa ute, na harufu yake ni ya kitu kilichochinjwa. Nilisimama palepale. Baba alikuwa karibu, akichonga jiwe moja taratibu, na sikuona anainua uso.

Maji yakaanza kurudi. Wao wakapakia, wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nikabaki na boksi langu mpaka maji yakafika kiunoni, sijui nilikuwa namwonyesha nani. Baba akarudi kunichukua. "Mai yayaa, Khairat." Akanishika mkono kama vile nina miaka mitano, tukatoka.

Bango limelowa. Limekatika vipande viwili.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata wazo! Mbona sikuliona mapema?

Upande wa nje wa kisiwa, unaoelekea bahari kuu, kuna mawe mafu ya matumbawe yaliyotupwa na mawimbi. Tele. Hayana uhai, hayamlindi mtu. Nikiyakusanya ya kutosha mzigo wa nyumba yetu, nitaubeba kichwani kama wenzangu, nitataja jina la mama, na sitakuwa nimevunja kitu.

Nimemuuliza baba kama jiwe fu linatoa chokaa. Alikuwa anashona wavu. Alifikiri sana. Akasema huenda, ila lazima lioshwe chumvi, na linakula kuni nyingi. Halafu, bila kunitazama: "Ni mangi kwa mchu moya."

Mtu mmoja huyo ndiye aliyepo. Kesho naanza.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikusimama leo. Nilikuwa nabeba mawe. Vidole vimechanika, chumvi imeingia, nashika kalamu kwa ncha.

Njia ni ndefu na hakuna anayepita huko. Nimezungumza peke yangu mpaka nikajishtukia. Nilimhutubia ndege mmoja mweupe mguu mmoja juu: nikamweleza joto, nikamweleza gesi, nikamweleza nchi kubwa zinazochoma na sisi tunaozama. Alinisikiliza kuliko watu wa semina.

Nyuma ya msikiti simu ikanionyesha ule mkutano mkubwa wa tabianchi huko Brazili. Vijana wa umri wangu wamekumbatiana, wamejichora nyuso, wanaimba. Sijui hata kama wanayoyasema yananihusu. Nilichotazama ni mabega yao yalivyogusana.

Jumatano, 19 Novemba

Zakiya amekuja! Nilikuwa nimeinama naosha mawe kwa maji ya mvua ya tangi, nikaona miguu yake. Akakaa kwenye kizingiti, akamnyonyesha mtoto, hakugusa jiwe. Tukasema ya joto, ya meno ya mtoto, ya mumewe aliyekwenda Ras Kamboni. Nilitamani asiondoke. Nilimpikia chai ya tangawizi mara mbili.

Mwisho akatoa alilokuja nalo. Wanawake wanasema mawe yangu yakiingia kwenye tanuu yatatia doa chokaa ya wote, na doa hilo watalipata maiti wao, si mimi. Bi Kuluthumu anasema hayaingii mpaka fundi ayakubali. Basi ni baba. Kila kitu ni baba.

Nikamuuliza Zakiya yeye anasemaje. Akasema yeye ameshachukua mzigo wa nyumba ya mumewe, uko uani. Akasema amefunika kwa gunia asiuone.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo baba ameyajaribu. Amechimba shimo dogo nyuma ya nyumba, akapanga kuni, akapanga mawe yangu juu, akachoma tangu alfajiri. Nilikaa naye. Hatukuzungumza sana, lakini alinipa kazi ya kupepea na mara moja akacheka moshi uliponifuata kila nilipohamia. Kwa muda ule nilikuwa na furaha, naandika hivyo maana ni kweli.

Mawe yalipopoa akayamwagia maji. Chokaa nzuri inachemka, inafura, inajipasua yenyewe. Baadhi yalifura. Mengine yalikaa hivyo hivyo, meusi, mawe tu. Akachukua moja akaligonga na jingine. Akayachambua yote kwa vidole, mpaka mwisho, na nilijua anatafuta njia ya kuniambia ndiyo.

"Limekataa," akasema. Ukuta wa chokaa hii utaanguka kusi la kwanza, na utaangukia makaburi. Hawezi kuyakubali. Angeyakubali kwa sababu ni mimi, watu wangejua.

Nimelia mbele yake, kwa sauti. Hakunibembeleza. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akakiweka karibu nami, akaanza kufukia shimo.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda makaburini. Maji yalikuwa yametoka, kwa hiyo ilikuwa shwari. Kati ya mama na ukingo pamebaki mahali pa kutandika mkeka wa mtu mmoja. Nilitandika leso yangu hapo nikasoma Yasin.

Alifariki katika boti, tukimkimbiza Kismayo, homa ya uzazi. Baba akageuza boti palepale ili azikwe kwao. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Mama ndiye aliyenipeleka mwambani mara ya kwanza, akanifundisha wapi pa kukanyaga na wapi pa kutokanyaga. Alikuwa akiokota kombe anageuza jiwe, kisha analirudisha jinsi lilivyokuwa, na mtu mwingine asiporudisha alikuwa anamfokea. Sasa mimi niende na jiwe lililong'olewa pale pale nimwambie nimekuletea?

Au nisiende, aje achukuliwe na maji, na watu waseme binti yake alikuwa na mambo ya simu.

Kila ninayemuuliza kichwani mwangu ana jibu. Hussni aliniambia nisimame imara. Ni rahisi, yeye yuko mbali na vyote viwili. Nimempigia jana nimweleze habari ya mzigo, akasema yuko kazini, tuzungumze wikiendi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mizigo ni kesho Ijumaa baada ya alfajiri. Tanuu imeshapangwa kuni, inaonekana kutoka kila mahali kisiwani, hata ukitazama upande mwingine.

Leo nimemwambia baba: sibebi.  Nilitarajia atanikumbusha mama. Akasema amesikia.

Jioni maji yalipotoka alichukua mtaimbo akaenda mwambani peke yake. Niliuliza wapi. Akasema anakuja.

Ijumaa, 5 Desemba

Naandika nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Niandike haraka.

Nimeamka kwa alfajiri, nimefungua mlango, mzigo uko kizingitini. Kapu limejaa. Mawe hai, ya jana, bado yana ute, moja lina zambarau kwenye ncha. Amelifunika kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Sijui kwa nini alilowesha. Chokaa haihitaji hivyo. Alilowesha kama anataka yasife kabla sijaamka.

Na juu ya gunia kata ya kubebea mzigo kichwani. Ameisokota mwenyewe, vibaya, vidole vya kiume. Ni leso ya mama. Ile nyekundu aliyokataa isigawiwe wakati wa arubaini.

Nikamwita. Alikuwa uani anatawadha, au anajifanya. Nikasema baba, nilikwambia sibebi. Akasema anajua, hakuyaleta ili anilazimishe. Nisipobeba atayarudisha yeye mwenyewe baharini, na hatanilaumu leo wala siku nyingine. "Lakini sikutaka useme huna cha kubeba." Kisha akasema hata yeye hajui lipi ni sawa. Fundi! Hajui! Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele, na sikufanya hata moja.

Yakirudishwa hayataota, najua mimi na anajua yeye. Yameshang'oka. Nikiacha, yamekufa bure. Nikibeba, mwakani watachonga tena na hakutakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaambia, maana mtu mwenyewe alibeba.

Nawasikia. Wanakuja nyumba kwa nyumba. Kila wanaposimama mwanamke anainua, anataja jina, wanaitikia Mungu amrehemu, wanaendelea. Sauti ya Zakiya ilikuwa ya karibu, ikitaja jina la mkwe wake. Nyumba inayofuata ni ya Bi Kuluthumu, kisha sisi.

Wamefika. Nawaona kwenye upenyo wa mlango, mizigo kichwani, mikono juu, shingo zimenyooka. Desturi ni kupita nyumba isiyotoka. Hawapiti. Bi Kuluthumu ameweka mguu karibu na kizingiti, jasho linamtoka, mzigo wake ni mkubwa kuliko wa vijana. Nimeuhesabu uzito ule shingoni mwao na hakuna aliyesogea.

"Khairat," amesema sasa hivi, pole kabisa, "shingo zaumia, mwanangu."

Kaa mdogo ametoka kwenye jiwe, anatembea kizingitini anatafuta maji. Nimemchukua nimemtia kwenye kikombe.

Baba amesimama nyuma yangu, hakaribii. Kata nimeiweka kichwani. Bado sijainama.